Mchoro wangu ulisahau kwamba tuko Lubumbashi

Leo nimelowesha gunia zima la makala la Mama, makaa yake ya kupikia, na majaribio yote yalikuwa yamefaulu.

Nilitengeneza kadi ndogo ya kielektroniki ya kuwasha na kuzima pampu ya tangi letu. Mama alinipa siku moja: ikikosea, inatoka.

Sikuogopa. Nilikuwa nimechora hali zote za pampu kwenye kompyuta, na programu ikatunga majaribio sitini kutokana na mchoro huo.

Yote kijani!

Nilimweleza Mama maana ya "uthibitisho". Mara mbili.

Saa nane umeme ukakatika. Uliporudi, kadi ikaanza upya kama nilivyochora: tangi tupu, washa pampu, subiri boya la kupimia maji lipande, ndipo uzime.

Boya lilikuwa juu tayari, halikuwa na pa kupanda, na pampu ikaendelea kumwaga.

Mama akatazama makala yakielea uani.

"Weye mutoto, mu ile desen yako courant haikatikake?"

Miaka kumi na sita naishi mtaani Naviundu, nasomea kwa mshumaa, na kwenye mchoro sikukumbuka kwamba umeme hukatika.

Nimerekebisha mchoro. Mama amenipa siku ya pili, ila amehamisha makala. Mahali pake chini ya tangi ameweka vitabu vyangu.

Jamani, kabla ya kesho: nimesahau nini kingine?