Uvimbe wa Chokoleti

Daktari aliuita uvimbe wa chokoleti, na tangu siku hiyo siwezi kuangalia chokoleti bila kugeuza uso. Alisema nyama ya mfuko wa uzazi ilikuwa imehamia kwa ovari yangu ya kushoto, kifuko cha mayai, inatoka damu kila mwezi, na damu haina pa kutokea. Imekaa humo miaka, imegeuka kahawia, nzito kama uji uliolala. Niliuchukia mwili wangu wote.

Mama alikuwa amenisindikiza kutoka kijijini Kibirichia, na yeye alishika neno moja tu, chokoleti. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa wakawa wananong'ona eti nimejiharibia tumbo na vitu vitamu vya mjini. Mmoja akaniletea dawa ya mizizi ya kunisafisha, nyeusi, inanuka zizi. Mwingine akaniambia nizae tu, uvimbe utaisha. Mimi, ambaye chakula changu ni waru, yaani viazi, na kabeji ninazouza soko la Gakoromone. Kinyaa kilinishika, na si cha ile dawa peke yake.

Niliporudi kliniki nilimwomba daktari anieleze kwa Kiswahili cha sokoni, mama naye asikie. Akasema damu hiyo ya zamani ina chuma, na hicho chuma kinachoma seli polepole. Ndani ya seli kuna jeni zinazozizuia zisizaane ovyo. Jeni hizo zikiharibika, seli inaweza kugeuka saratani. Wengi haiwafikii kamwe. Lakini kwangu picha ya tumbo ilionyesha kinundu kigumu ndani ya uvimbe, kwa hivyo alitaka kuitoa ovari hiyo mapema.

"Azae kwanza," mama akasema. "Nani atamwoa akiwa nusu?"

Nusu. Alilitamka mbele ya mgeni kama anayepima debe la waru. Nikamwambia, "Mama, nyamaza. Tumbo ni langu." Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo maishani. Daktari akasema ovari iliyobaki bado inaweza kunipa mtoto, nikakubali upasuaji papo hapo.

Tulitoka nje. Hapo mama alisimama, akafungua sweta. Sketi yake haikuwa ikifunga tena kiunoni, ameishikilia na pini, na tumbo limemjaa, gumu. Akaniuliza kwa Kimeru, sauti ya chini, kama huyo daktari hupima hata wanawake walioacha hedhi.