Kombeo la Mama

Harufu ya tembo, ile pombe ya mti wa mkoma, ikinipata, hata hapa mjini, najiona tena juu ya dungu, jukwaa la miti katika shamba la mpunga, mimi na mama tukiwinga ndege.

Ilikuwa siku ya tisa mama hajaonja tembo. Kanisani walitaka asimame atubu mbele ya watu wote, akakataa. "Mungu nitasema naye hukuhuku shambani," alisema. Kila alipovurumisha udongo kwa kombeo alipaza sauti: "Nishike, Baba! Leo tu!" Na ndege wakaruka.

Adhuhuri mgema akatokea, kibuyu begani, kama alivyozoea.

"Shuka uonje, dada. Kidogo tu, nani atajua?"

Mama alisogea mpaka ukingoni mwa dungu, likatikisika. Nilidhani atashuka. Akatia bonge la udongo kwenye kombeo, akalizungusha. Kibuyu kikapasuka, tembo likamtiririka mgema mgongoni.

"Una wazimu wewe!" mgema alifoka, akaondoka akinuka.

Mama alitazama juu, uso umelowa jasho.

"Umeona mwenyewe," alimwambia Mungu. "Leo nimekataa. Kesho uje mapema, maana huyu atarudi."