Batoto ba Masomo Bandarini

Mlio ambao haujanitoka mpaka leo ni wa sufuria kugongana. Watu walikuwa wakishuka melini na vyombo vyao vichwani na mgongoni, na kila aliyekanyaga ubao wa kushukia, sufuria zake zililia. Tangu asubuhi, sufuria tu.

Sisi darasa la sita tulikuwa tumeketi chini kando ya ghala la bandari ya Kigoma, hoi. Hiyo ndiyo ilikuwa ziara yetu ya masomo. Waliotutangulia wote walipelekwa Ujiji kwenye makumbusho, kwa miguu, wakarudi shuleni kwetu Gungu na vumbi na hadithi ileile. Mwaka huo mwalimu wa jiografia, mgeni kwetu kutoka Tanga, alisema tutaingia ndani ya meli, maana tulikuwa tunasoma usafirishaji. Nami nilishawatangazia wenzangu kwamba nikikua nitakuwa nahodha.

Lakini vita vya ng'ambo ya ziwa havikuuliza ratiba ya shule. Siku tuliyofika, meli ilikuwa imeleta wakimbizi kutoka Zaire.

"Tusubiri washuke," mwalimu akasema. Tukasubiri, jua likatupanda utosini.

"Nahodha, abiria wako hawaishi," mvulana niliyekaa naye dawati moja akanitania.

"Niache. Hata nahodha anachoka."

Mwishowe mwalimu akatupanga mistari, akatuhesabu, akarudia. "Mbona mmezidi?"

Nikageuka. Nyuma yangu alisimama msichana mdogo, shati jeupe na sketi ya buluu kama sisi, ila kola yake imeshika moshi. Kumbe kwao nao huvaa hivyohivyo shuleni.

"Mdogo wangu, uko na nani?" nikamuuliza.

"Na mama. Alisema nikae kwa batoto ba masomo, yeye atafute mizigo."

Mama yake alituona tumeketi na sare zetu, akadhani sisi ni wanafunzi wa kwao, tutapakiwa pamoja. Na malori ya kuwapeleka wakimbizi kambini yalikuwa yameshawashwa getini. Kambi hazikuwa moja. Lori likiondoka na mama, nani angemjua mtoto yuko wapi?

Hapohapo baharia akatuita. "Wanafunzi, kama mnaingia ingieni sasa, tunataka kuosha meli."

Mwalimu akatazama meli, akamtazama mtoto. Hakuweza kutuacha. "Nani atampeleka getini?"

Kila mtu akaangalia meli. Hata mimi. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi, mwalimu."

"Utaikosa meli."

"Ndiyo, mwalimu."

Nikamshika mkono, baridi kwenye jua lile. Tukapita lori moja moja, yeye akichungulia nyuso, akitikisa kichwa. Kwenye la mwisho, mwanamke alikuwa ameketi chini katikati ya sufuria zake, mpakiaji amemsimamia.

"Mama, panda, wenzako wanangoja."

"Sipandi. Mutoto wangu iko na batoto ba masomo."

"Wale ni wa hapahapa Kigoma, mama. Wanarudi kwao."

Mwanamke akageuka kutazama kule melini. Kisha akatuona. Hakulia. Alimfuta mwanawe kola kwa ncha ya kitenge, akauliza, "Ulikaa muzuri?" Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Wakapandishwa. Mama akaniinamia kutoka juu, akanigusa shavu. "Aksanti, mama," akaniambia, mimi mtoto wa darasa la sita. Lori likaondoka, likaniachia moshi.

Niliporudi, wenzangu walikuwa wanashuka, wananuka mafuta ya mashine, wanacheka. Yule jirani yangu wa dawati akanitazama kidogo.

"Ndani joto tupu, nahodha. Hujakosa kitu."

Nilijua ananidanganya kwa huruma, nikamwambia asante. Mwalimu akasema tupumzike kabla ya kuanza kupanda mlima kurudi Gungu. Wenzangu wakajitupa kivulini. Mimi nikashuka mpaka majini, nikanawa uso, kisha miguu, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine.