Nimepigwa Ngumi kwa Ajili ya Pedali Mbili

Leo nimepigwa ngumi kanisani, nikiwa nimekaa kwenye kinanda.

Nilikuwa natayarisha sauti ya harusi ya kesho. Pedali moja ya kukwaruza sauti, ile ya kukanyaga kwa mguu, ililia kama mbu. Nikaunganisha mbili: ya upole mbele, kali nyuma yake. Kinanda cha umeme kikanguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Utamu!

Ezekieli, kiongozi wa kwaya, akaja mbio.

"Weye! Unapasua bafle yetu!"

"Haipasuki, mukubwa. Ndiyo sauti yenyewe."

"Hiyo ni sauti ya bafle iliyokufa!"

Kanisa lina bafle hiyo moja tu, yaani spika. Nikaongeza sauti, ili ajifunze.

Ngumi ikanipata mdomoni. Nikamrudishia, na sijutii. Tukaiangukia bafle, goti la Ezekieli likatumbukia ndani.

Nikachomoa pedali zote mbili, nikabonyeza noti moja. Ikakwaruza vilevile.

Mama wa bibi harusi, aliyekuwa akipamba kanisa, akauliza taratibu: "Sasa hiyo ni pedali, ama ni bafle?"



Mwenye bafle ya kutuazima kesho, kuanzia Minago hadi Nyanza-Lac, aniandikie sasa hivi. Mwenye ushauri anyamaze. Na Ezekieli, najua unasoma: tafuta na wewe!