Kioo moja ya Papa

Hii habari inaonyesha kama nilikuwa mujinga, lakini nitakuelezea tu. Juzi, ku ndoa moja mu Bagira, niliona sapeur, mutu wa kuvaa mavazi ya fahari, mwenye kioo moja ku jicho, na nikakumbuka Papa.

Wakati ya vita, basoda, baaskari ya vita, balikuwa banatafuta bantu ya masomo nyumba kwa nyumba. Papa yangu alikuwa mwalimu. Siku moja muchana, maman alimutosha lineti, ile miwani yake, akaificha mu unga ya muhogo, akamukalisha ku jiko achambue maharagi sawa mulimaji. Bila lineti Papa hakuona kitu: maharagi alitupa chini, majiwe akaweka mu chungu. Inje, tulisikia buti mu matope.

Sasa tonton, mujomba yangu mwenye kupenda kuvaa, alizoea kusema: "Mwenye kioo moja ku jicho, hata soda anamupigia saluti." Mi niliamini. Nikatafuta mu unga, nikangoa kioo moja, nikaifinya ku jicho. Leo ninajua ile kioo ndiyo ingebaambia Papa ni nani.

Basoda bakaingia.

"We mutoto, hiyo kioo ni ya nani?"

Mikono ya Papa ikasimama mu maharagi.

"Ni ya mi. Mi niko patron. Munipigie saluti."

Mukubwa yabo akaangalia uso yangu yenye kujaa unga. Akacheka mupaka akakohoa, akanipigia saluti, bakaenda.

Papa akanitafuta na mikono mupaka akashika kichwa yangu.

"Siku ingine bakikuja," akasema polepole, "usiniokoe. Enda kucheza kwa majirani."