Taa Isiyopulizwa

Nimeishi na wajinga wengi, na sehemu kubwa yao walikuwa na vyeo. Lakini sijapata kuona ujinga uliojipanga vizuri kama ule wa kamati ya ulinzi ya mtaa wetu pale Newala, miaka ya vita vya Msumbiji, ilipoamua kwamba adui wa taifa letu changa ni taa ya shaba ya mjane wa Kihindi.

Nilikuwa mwalimu kijana, Mmakua wa Masasi, mtoto wa watu wa misheni, nimepanga chumba cha uani katika nyumba ya mjane huyo. Mbele kulikuwa na duka lake la chumvi, viberiti na vitambaa. Nyuma kulikuwa na ua, jiko, na chumba kidogo ambamo alifanyia ibada. Mumewe alikuwa amefariki kabla sijafika, akachomwa kwa desturi yao kule ukingoni, pale ambapo uwanda unakatika na bonde la Ruvuma linaanza. Watoto wao walikwisha kutawanyika, na kila mmoja alimtaka mama yao aende kwake. Yeye hakutaka. Mji mzima tulimwita Mama Duka, na Kimakonde chake kilikuwa safi kuliko changu.

Taa yenyewe ilikuwa ya kusimama sakafuni, inanifika magotini. Chini ilikuwa na kitako kipana, katikati mguu wenye nakshi, juu bakuli lenye midomo ya kulazia tambi, na juu kabisa tausi aliyeinua shingo kama mkaguzi wa shule. Mama mkwe wake ndiye aliyempa siku alipoingia kwao kama bibi harusi. Kila alfajiri na kila magharibi aliijaza mafuta ya ufuta, ufuta wetu huu huu unaolimwa Makote, akasokota pamba ikawa utambi, akawasha mbele ya picha za miungu yake. Kisha alipitisha viganja juu ya moto na kujigusa macho. Aliniambia kwamba neema huja nyumbani jioni, na haiingii kwenye nyumba yenye giza. Mafuta, alisema, ni tamaa za mtu, utambi ni majivuno yake. Vyote viungue taratibu, ubaki mwanga.

Nilisikiliza hayo midomo nimeibenua. Kilichoniudhi zaidi ni maji. Newala ya wakati ule maji yalipanda kutoka bondeni juu ya vichwa vya wanawake, na mimi nilikuwa naoga kwa kopo. Mwenzangu yeye alikuwa anachukua bakuli zima, ukwaju na majivu, anaiogesha taa. Siku moja nikamwuliza kama yule tausi naye huona haya kunuka jasho. Alicheka, akamwagia maji yale mpapai wa uani. Mpapai ule ndio ulionilisha mwaka mzima, kwa hiyo nikapunguza maneno.

Jambo moja tu alinikataza. Nisiipulize. Pumzi inatoka kinywani, na kinywa kinakula, kinatema, kinasengenya, na Mungu hapewi makombo. Taa iliyowashwa kwa ajili yake huachwa iishe mafuta yenyewe. Hapo sikupata la kubisha, maana kanisani kwetu Masasi mishumaa ya altareni nayo haipulizwi. Huzimwa kwa kikofia cha shaba kilichofungwa kwenye fimbo, na mtumishi wa altare akithubutu kutumia mdomo atajuta.

Basi mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa mtumishi wa altare utotoni mwake, huko huko Masasi. Aliwahi kuvaa kanzu nyeupe na kukishika kikofia hicho. Siku hizo za Newala alikuwa amekisahau. Alivaa kofia nyingine, alisema kwa sauti ya mkutano hata akiomba chumvi, na kila hotuba yake ilimalizikia kwenye ushirikina, kwamba ndio uliotuchelewesha.

Ndege za Wareno zilipoanza kuonekana upande wetu wa Ruvuma, ikatolewa amri ya giza. Jua likizama, mwanga usionekane nje. Mama Duka akaning'iniza magunia dirishani. Mimi nikasahihisha madaftari ya wanafunzi chini ya meza, nimejifunika shuka. Mwenyekiti yeye aliendelea kuwasha karabai lake barazani na kucheza karata, kwa sababu uongozi, alisema, hauna saa za kulala. Karabai lile lilimulika barabara, likamulika mikorosho, na nadhani lilimulika hata mihogo ya ng'ambo. Nyani haoni kundule.

Ndipo mjumbe mmoja wa kamati akaona uzi wa mwanga kwenye gunia la Mama Duka. Wakaja jioni hiyo hiyo, mwenyekiti mbele, wakaingia na viatu mpaka chumba cha ibada. Akamwuliza anawapa Wareno ishara gani. Mama Duka akajibu kwamba anasali. Mwenyekiti akataka kujua kwa nini basi anawasha saa ile ile kila siku, maana mtu asiye na njama hana haja ya saa maalumu. Nilitamani kumkumbusha kengele ya kanisa na adhana ya msikiti, lakini alikwisha kumwamuru azime. Mama Duka akamwomba asubiri kidogo, mafuta yamebaki machache, taa itajiishia.

Mwenyekiti akawageukia wenzake na kuwaambia wamesikia wenyewe, hii ni taa isiyozimika. Kisha akainama, akajaza mashavu, akapuliza.

Mama Duka aliziba mdomo wake kwa kiganja, kana kwamba ni yeye aliyetenda. Wakaibeba taa kwenda ofisini kwao kama kielelezo, mafuta yakiwachuruzikia miguuni. Walipoondoka, alichukua kigae cha chungu, akatia mafuta kidogo na utambi, akawasha. Nilimchemshia chai na hakuinywa. Niliwachukia watu wale kwa moyo wangu wote, na sijaacha.

Sasa sikilizeni akili ya kamati. Siku chache baadaye karabai la mwenyekiti lilipasuka kioo, na kikao kilikuwa kimeitishwa ofisini jioni. Pale mezani imesimama taa, tena ya shaba, tena yenye midomo mingi. Mmoja wao akaona busara kuitia mafuta ya taa na kuiwasha. Mafuta ya ufuta yana adabu, hunywewa na utambi kidogo kidogo. Mafuta ya taa ndani ya bakuli lililo wazi hayana adabu hiyo. Moto ukashika bakuli zima. Na mwenyekiti, aliyekwisha kujua dawa ya taa zisizozimika, akajaza mashavu akapuliza.

Moto ukarukia karatasi, ukarukia mkeka, ukapanda ukutani, ukashika nyasi za paa. Walitoka mbio, yeye akiwa wa kwanza, bila nyusi na akiwa na masharubu ya upande mmoja. Maji yako wapi Newala? Tulizima kwa mchanga na matawi, na tulipomaliza hapakuwa na ofisi. Kama kweli Wareno walikuwa wanangoja ishara, jioni ile walipata ya kuwatosha mwaka mzima. Hata ndege moja haikuja.

Mtu mwenye haya angejifungia ndani. Mwenyekiti aliitisha mkutano. Akatangaza kwamba ofisi imechomwa na taa ya kichawi, na kwamba mwenye taa, kwa usalama wake mwenyewe, ahamishiwe Mtwara kwa lori litakalokuja kuchukua korosho. Duka lifungwe. Nilisimama mbele ya watu nikasema kosa ni mafuta ya taa, na mtoto yeyote wa darasa la kwanza angewaambia. Akanijibu kwamba walimu nao huhamishwa, na kuna shule ambazo hata maji ya bondeni hayafiki.

Mama Duka aliichimbua taa yake kwenye majivu. Ilikuwa nyeusi tii, na tausi amepinda shingo. Akaleta ukwaju akaanza kuisugua. Safari hii maji nilitoa yangu. Nilimwuliza kwa nini asiende tu kwa wanawe, aachane na mji wa wapumbavu. Alisugua kwanza mpaka shaba ikaanza kuonekana.

"Mwalimu," alisema, "mume wangu yuko hapa. Nikiondoka, nani atamwashia?"

Nikamwongezea maji, maana hasira yangu haikuwa na msaada wowote kwake.

Lori lilikuja mchana. Dereva alikuwa mtu wa mbali, mwenye haraka, maana taa za gari zilikatazwa na ilimlazimu kuuteremka uwanda kungali na jua. Mama Duka alikuwa tayari, amevaa sari nyeupe, mzigo umefungwa. Alikuwa ameketi mkekani mlangoni pa duka, na mbele yake taa inawaka tambi zote, bakuli limejaa mpaka midomoni. Mwenyekiti akamwambia apande. Akajibu kwa upole kabisa kwamba taa ikiisha mafuta atapanda.

Mwenyekiti aliitazama taa. Akamtazama mgambo wake, akamwamuru aizime. Mgambo akasema kifua kinambana tangu jana. Akamwambia dereva. Dereva akasema yeye amekuja kubeba korosho, mambo ya taa za watu hayamo katika kazi yake. Barabara ilikuwa imejaa, na hakuna aliyejitolea. Mama Duka akainua macho.

"Basi puliza wewe, ndugu Mwenyekiti," alisema. "Wewe ndiye uliyezoea."

Wanawake waliingiza vichwa ndani ya kanga. Mwenyekiti alisogea mbele, mashavu yakaanza kujaa, halafu mkono wake ukapanda wenyewe mpaka pale palipokuwa na nyusi. Akarudi nyuma. Akasema tungoje, serikali ina subira.

Tukangoja. Wakati huo wakaanza kufika wanawake wa Makote, wale waliokuwa wakimuuzia ufuta miaka yote. Kila mmoja alimwamkia Mama Duka shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akainama na kumimina mafuta kidogo kutoka kibuyuni mwake ndani ya bakuli. Ni mafuta ya kumuaga mwenzetu, walimwambia mwenyekiti, au kuaga nako kumekatazwa? Hakukuwa na amri ya kukataza kuaga. Nami nilikuwa na chupa ndogo, nikapanga foleni na wenzangu.

Dereva alilitazama jua, akapiga honi, akalitazama tena. Mwishowe alipandisha korosho zake na kuondoka, mwenyekiti akikimbia nyuma ya lori akimwita kwa sauti ya mkutano. Lilipokuja tena, mkeka ulitandikwa tena, na vibuyu vilikuja tena. Baada ya hapo habari ya Mtwara haikusikika. Duka lilifunguliwa.

Mama Duka aliniambia baadaye, akipanga viberiti, kwamba njia ya kuizima taa ile ipo. Unabana utambi kwa ua bichi, na hakuna dhambi yoyote. Nikamwuliza mbona hakusema siku ile.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema.

Ofisi ilijengwa upya, ya mabati. Mwenyekiti aliota nyusi, akarudia hotuba zake, na mpaka nahama Newala alikuwa anatuelimisha kila mkutano kwamba ushirikina ndio adui wa maendeleo. Ila jioni, Mama Duka akishawasha, mpenda maendeleo yule alikuwa akifika mbele ya duka anaziba mdomo kwa kiganja, anapita upesi, na kuvuta pumzi tena akishafika kwenye mikorosho.