Gari Lisilo na Kofia

Pa, pa, pa-pa-pa. Turubai lililochanika likipigwa na upepo halilii kama nguo iliyoanikwa. Nguo hupepea, turubai huchapa. Mpaka leo, lori likinipita barabarani na kona ya turubai lake haikufungwa vizuri, mimi husimama kando nikijifanya natafuta kitu mkobani mpaka limalize kupita. Watu wangu wamezoea. Wanadhani naogopa magari.

Siogopi magari. Niliwahi kuchagua moja.

Kaka yangu alikuwa amepanga chumba Kashai, mjini Bukoba. Mimi nilitoka kwetu Ijumbi, upande wa Muleba, nikaenda kukaa naye nilipomaliza darasa la saba. Jina langu halikuwemo kwenye karatasi ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Sikulia sana, maana nilikuwa nimeshajua nitakachofanya: nitajifunza cherehani, nitashona magauni ya harusi, nitakuwa na duka lenye kioo mbele. Kila nguo niliyoshona wakati ule, hata kaptula ya shule, niliishona huku naona bibi harusi.

Kaka alikuwa akivusha kahawa kwenda Uganda na kurudi na vitambaa, sabuni na betri, kwa sababu baada ya vita maduka yetu yalikuwa na rafu tu. Magendo, ndiyo. Siku hizo hata waliosimama kuyalaani walikuwa wamenawa uso kwa sabuni yake.

Kabla ya vita alikuwa mpakiaji wa magunia katika duka la Mhindi mmoja pale mjini. Mhindi huyo alikuwa na magari mawili ya mbio ya Kiitaliano, ya zamani, mafupi, yamelala chini kama paka anayevizia. Aliyapenda kuliko duka. Ndege za adui zilipokuja kuupiga mji na watu wakakimbilia vijijini, kaka alibaki. Yeye na Mhindi walikuwa wameyafunika magari yale kwa magunia ya kahawa, ukiingia ghalani unaona kahawa tu. Mwenye duka aliporudi vita vilipokwisha alimkuta kaka amelala mlangoni mwa ghala, amekonda, ana funguo shingoni. Akamwambia, "Siku nikiuza, wewe wa kwanza."

Siku ikafika miaka mitano baadaye. Familia ya yule mzee ilikuwa imeshahamia ng'ambo, yeye akibaki kufunga mlango. Gari moja lingekwenda Mwanza kwa shemeji yake, kwa meli ya Ijumaa. Jingine lilikuwa la kaka, kwa bei ya shukrani. Alichotakiwa ni kuchagua.

Tulikwenda watatu: kaka, mimi, na fundi mmoja wa magari, rafiki wa kaka, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana. Mzee alivuta magunia, vumbi likapanda, tukapiga chafya wote. Yakatokea mawili, sura moja. Moja jeupe, lenye paa la bati na kiti kidogo cha nyuma. Jingine jekundu kama buni iliyoiva, viti viwili tu, na paa la turubai la kukunja.

"Mama mmoja, baba mmoja," alisema mzee. "Huyu kavaa kofia, huyu hana kofia. Basi."

"Injini?" kaka akauliza.

"Jeupe limetengenezwa baadaye kidogo, injini kubwa zaidi. Jekundu ndilo la kwanza, injini ndogo, lakini linaimba."

Fundi alilala chini ya moja, akalala chini ya jingine, akatoka na utando wa buibui masikioni. "Yote mawili mazuri sana kwa lami," akasema. "Tatizo lami hatuna."

Kaka alicheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya lile jeupe. Aligonga paa kwa vidole, kama mtu anayegonga papai. "Bukoba mvua haina likizo," akasema. "Na hapa nyuma mama atakaa. Siku akiumwa tunamleta hospitali kwa heshima."

Ningenyamaza, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa nimeshajiona ndani ya lile jekundu na kitambaa kichwani, tunaingia Ijumbi Jumapili watu wakitoka misa. Nikasema, "Mama hapandi hata baiskeli, atapanda hilo? Na ndani ya bati hilo nani atakuona? Ulilala mlangoni miezi yote ile ili ujifiche? Kaka, chukua hili. Watu wakuone!"

Alinitazama akitabasamu upande mmoja wa mdomo, kama kawaida yake. "Haya. Umechagua wewe. Usije ukasema ni mimi."

Mzee alikuwa mtu mkweli. Alifunua paa la turubai akatuonyesha mpasuko nyuma, mrefu kama mkono. Panya wa wakati wa vita, walioishi chini ya magunia.

"Hilo nitashona mimi," nikasema. "Wiki moja."

"Binti," alisema mzee, "mvua haiulizi wiki."

Kaka aliniletea kipande cha hema la jeshi, kijani, kizito, kimoja cha vilivyobaki vijijini baada ya askari kupita. Nilikikunja nikakiweka chini ya kitanda. Sindano ya cherehani haikuweza kukipenya. Kilihitaji shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia ya kahawa, na mikono miwili yenye subira. Nilikuwa na subira ya magauni tu. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Kaka alipouliza nilimjibu, "Fundi hafuatwi na mteja kila siku," naye akasema, kama anayemsihi mkubwa wake, "Waitu, nisamehe bibi fundi," tukacheka, kipande kikabaki chini ya kitanda.

Tulikwenda Ijumbi Jumapili moja ya jua, kama nilivyoota. Naomba nisiifanye ndogo siku ile kwa sababu ya yaliyofuata. Vumbi lilitujaa kwenye meno. Kila jiwe la barabarani lilibisha hodi tumboni mwa gari. Muhutwe nzima iligeuka, watoto wakatukimbiza mpaka wakaishiwa pumzi. Mama alitoka migombani na kisu cha kupogolea mkononi, akalizunguka gari mara mbili.

"Paa liko wapi?"

"Linakunjwa, Maawe," kaka akamjibu.

"Gari lisilo na paa ni karai," mama alisema. "Umenunua karai, mwanangu. Mimi sipandi karai kama ndizi za kuiva." Lakini alikwenda kumwita jirani aje kulitazama karai, na yule jirani akamwita mwingine. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshampa kaka jina la Bwana Karai, naye alilipokea kama cheo.

Hatukumaliza mwaka.

Kwanza kikohozi. Kisha mashati yakawa makubwa, yale mashati mazuri ya kitambaa kutoka Uganda ambacho kila kijana alikitaka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado hauna jina la Kiswahili, watu wakaupa jina la kitambaa hicho, kama vile mtu angeweza kuuvua akautundika. Kaka alitania kwamba gari sasa litakwenda mbio, mzigo umepungua. Kashai nzima ilikuwa na sababu zake. Wengi walisema amelogwa, gari ndilo lililomponza, limewatia watu wivu. Niliwasikia kisimani. Niliwasikia nikakumbuka sauti yangu mwenyewe ghalani: watu wakuone.

Hospitalini, daktari alizungumza na mama kwa upole, kwa Kihaya, na mama alitoka pale akiwa mzee. Alitangulia Ijumbi kwa lori la kahawa kwenda kuandaa chumba. Kaka angefuata Jumatatu, kwa pikapu ya mtu wa ukoo.

"Sipandi pikapu ya mtu," kaka alisema. "Pikapu ndiyo inayobeba majeneza. Nitarudi kwetu kwa gari langu."

Nilimwambia paa halijashonwa.

"Hata leo?" akasema. Hivyo tu.

Basi fundi akashika usukani, kaka akakaa kiti cha pili, blanketi mpaka kidevuni. Mimi nilijikunja kwenye kijinafasi cha kuwekea mizigo nyuma ya viti, magoti masikioni, nimeshika kingo mbili za ule mpasuko, moja kila mkono, nikizivuta zikutane. Mpaka Kemondo ziligusana. Baada ya Kemondo upepo wa mvua ulitoka ziwani, gari likaruka kwenye shimo, na turubai likachanika kutoka mikononi mwangu mpaka mbele, juu ya kichwa chake. Pa, pa, pa-pa-pa. Lilimchapa kisogoni. Nililikamata, likanichomoka. Lilimchapa tena.

Fundi alisimamisha gari. Alikata vipande viwili kwa kisu, akakunja kilichobaki. Manyunyu yakatupata wote watatu.

Ilikuwa siku ya soko Muhutwe.

Sijui kama wewe uliwahi kuiona barabara ile siku ya soko: watu pande zote mbili, mikungu ya ndizi, mbuzi, gari linakwenda mwendo wa mtu. Watoto wale wale walituona kwa mbali. "Karai! Karai!" Wakaja mbio. Wakafika karibu na mlango, wakaona kilichokuwa kwenye kiti, wakasimama kama waliogonga ukuta. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe kwa mkono, kwa nguvu. Wengine walijifunika pua kwa kanga. Mwanamume aliyekuwa akiuza senene, wale panzi wa kukaanga, aliyewahi kupakiwa gari lile hadi Ijumbi na kushuka akimpa kaka mkono, alianza kupanga upya senene wake, akawapanga na kuwapanga. Soko lile halinyamazi hata mvua ya mawe ikinyesha. Lilinyamaza. Nikasikia injini tu, ile injini inayoimba.

Nilivua kanga yangu ya mabegani nikataka kumfunika uso. Aliusukuma mkono wangu, polepole, mkono wake umebaki kama wa mtoto. Akageuza shingo kidogo. Alikuwa akitabasamu upande mmoja.

"Acha. Si ulisema waniona?"

Alitaka kusema *wanione*, nadhani. Ulimi ulikuwa mzito. Nimeligeuza neno lile miaka mingi. Kama alinitania, alinisamehe. Kama hakunitania, basi. Fundi nilimuuliza baadaye, akasema hakusikia, alikuwa akitazama barabara. Kwa mtu mwenye maneno mengi kama yule, alidanganya vibaya.

Kaka aliishi wiki tatu nyumbani. Kwetu mtu akiona safari imekaribia huita ukoo na kusema wosia wake mbele yao, na hakuna anayemkatiza. Walikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya babu zetu, alikitaja kwa mtoto wa baba mdogo, kwa kuwa yeye hakuacha mtoto, na mimi ni mwanamke, hakitajwi kwangu. Nililijua hilo tangu utotoni. Kisha akasema, "Gari ni la dada yangu. Yeye ndiye aliyelichagua."

Nilikuwa mlangoni na kibuyu cha maji. Sikujua niingie au nitoke.

Tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba. Matanga yalipoisha, ndugu waligawana alivyoacha: redio, baiskeli, godoro jipya walilolianika siku nne kwanza. Nilingoja mtu anipinge juu ya gari. Nilitamani anipinge, nimjibu, tugombane, niwe na la kufanya. Baba mdogo alilitazama pale chini ya migomba, akatema mate pembeni.

"Gari la mtoto wa kike, sawa. Nani atakaa kwenye kiti kile?"

Hawakunipa kwa sababu ya wosia. Walinipa kwa sababu ya kiti.

Siku chache baadaye mama alikwenda kanisani na wengine wote, nami nikasema kichwa kinauma. Nilitoa kipande cha hema. Nilikuwa nimekuja nacho kutoka Kashai, bado kimekunjwa vile vile, mikunjo imeshika. Shazia niliichukua kwenye paa la jiko, mama alipoichomeka. Nililikunjua lile paa, nikalitandaza juu ya buti la nyuma, nikakata. Turubai la jeshi ni gumu. Kila tundu nilisukuma kwa kisigino cha kiganja, nikavuta uzi kwa meno, damu ikatoka, nikaifuta kwenye gauni. Sikuona bibi harusi yeyote. Niliona mshono tu, na baada ya huo, mwingine.

Kengele ya misa ilipigwa nikiwa kwenye kona ya mwisho. Nilifunga fundo, nikakata uzi. Rangi haikulingana, kijani juu ya nyeusi, lakini maji yasingepita. Nikalivuta juu ya vile viti viwili, nikabana ndoano ya kulia, nikazunguka, nikakaa kwenye kiti kile cha kaka ili niifikie ile ya kushoto, nikaibana.